Sabini na Wawili wa Kiwanda cha Madebe

Matano Mwakuyala alizaliwa Bofu, Likoni, katika ukoo wa watu waliolima mihogo na minazi tangu enzi za mababu. Alisoma mpaka darasa la nane, jambo lililokuwa nadra mtaani kwao siku hizo, na kwa ajili ya kusoma huko akapata kazi mwaka 1951 katika kiwanda cha madebe, Changamwe. Alikuwa karani wa saa. Alikaa kwenye kidirisha cha langoni na daftari la mahudhurio, akaandika nani kaingia, nani kachelewa, nani hakuonekana. Watu mia tatu na kitu walipita mbele yake kila asubuhi, na baada ya mwaka mmoja hakuwa na haja ya kuwauliza majina. Aliwajua kwa mwendo.

Madebe yenyewe yalikuwa yale ya mafuta ya taa. Bati likikatwa na kugongwa kutwa nzima, masikio hayapati raha, na mkewe, Mwanasaumu, alikuwa akilalamika kwamba mumewe amezoea kupiga kelele hata akiomba chumvi.

Mchana Matano alikula na Erastus. Huyu alikuwa Mmaragoli, mtu mrefu asiye na maneno mengi, mwendesha mashine ya kukandamiza bati, ambaye sikio lake la kushoto lilikwisha kufa kwa sababu ya kelele za mashine hiyo. Alimzidi Matano kwa miaka kumi hivi. Alikaa Chaani, chumba kimoja, na mkewe Philister aliyekuwa akiuza uji kando ya njia ya wafanyakazi. Matano alileta mihogo na samaki, Erastus alileta ugali na maharagwe, wakachanganya. Mwezi wa Ramadhani Erastus alikwenda kula nyuma ya ghala, ati asimtie mwenzake majaribuni, kisha akarudi wakakaa pamoja vivyo hivyo, mmoja ameshiba na mwingine ana kiu, wakizungumza habari za makwao.

"Mimi nikitoka hapa," Erastus alikuwa akisema, "nanunua ng'ombe wawili ya maziwa. Halafu sitaki kusikia hata kijiko ikianguka."

Ng'ombe hao hawakuwa ndoto ya bure. Mwaka 1956 meneja alipanda juu ya kreti uani akatangaza, Matano akitafsiri, kwamba kampuni imeanzisha mfuko wa akiba ya uzeeni. Mfanyakazi akitimiza miaka mitano mfululizo, kampuni itamwekea fungu lake, hata kwa miaka iliyokwisha kupita, na siku atakapoondoka kwa uzee au kwa kuumia kazini atapewa lote. Mshahara hautakatwa hata senti. Watu walipiga makofi. Erastus alikuwa na miaka saba kazini, akajihesabu kwamba yumo.

Hakuwamo. Ili uwemo, sharti ofisi iliandike jina lako, na ofisi iliandika majina ya Wazungu, ya Wahindi wa hesabu na ya mafundi wachache. Watu arobaini kwa jumla. Waliobaki hawakuambiwa kwamba wamebaki, nao hawakuuliza, kwa sababu mtu haulizi kama neno aliloahidiwa mbele ya umati ni la kweli.

Mfuko ule ulikuwa na masharti yake. Kampuni ilisamehewa kodi kwa fedha ilizoziweka humo, na kwa ajili ya msamaha huo katiba ya mfuko ilitaka kila mwisho wa mwaka lifanywe jaribio, kuhakikisha kwamba si sanduku la wakubwa peke yao. Matano alikuja kulielewa jaribio hilo kuliko karani mwingine yeyote pale kiwandani. Alimweleza mkewe hivi:

"Ni kama mwenye karamu. Yuaambiwa, twakusamehe ushuru wa ng'ombe uliyemchinja, lakini tutakuja kutazama sinia. Tukiona nyama yote i kwa wageni wa vitini, na wa mkekani wana mifupa, msamaha hupati."

Kwa hesabu ilikuwa hivi: katika kila watu kumi waliotimiza miaka mitano mfululizo, saba wawe wanachama. Wakipungua hapo, mafungu ya wakubwa yatolewe mfukoni na yatozwe kodi. Miaka miwili ya mwanzo mfuko haukujaribiwa, kwa kuwa ulikuwa mchanga. Jaribio la kwanza lilikuwa la mwisho wa 1958.

Siku moja ya Novemba mwaka huo mhasibu wa Kizungu alimwita Matano ofisini kwake akamwambia aketi. Miaka saba Matano alikuwa akiingia chumba kile akisimama. Aliketi kwenye ncha ya kiti.

"Nataka unihesabie waliotimiza miaka mitano," mhasibu alisema. "Wote, pamoja na wa mashine."

Matano alichukua siku mbili na madaftari yake. Watu mia moja na thelathini. Mhasibu alipiga hesabu kwa penseli mbele yake, taratibu, kama mwalimu. Wanachama arobaini katika mia moja na thelathini haikuwa hata nusu ya kinachotakiwa.

"Tutawaingiza wengine hamsini na moja, bwana?" Matano aliuliza.

"Ni gharama kubwa," alisema mhasibu. "Kuna njia nyingine." Akafungua katiba ya mfuko kwenye ukurasa aliokwisha kuutia alama. Ilisema kwamba mtu akiachishwa kazi siku kumi na nne au zaidi, utumishi wake umekatika, na akirudi ataanza kuhesabiwa upya. "Wewe nimekuandika jana. Ni mwanachama wa arobaini na moja. Wakibaki hamsini na wanane wenye miaka mitano, tumepita. Basi waondoke sabini na wawili kwa siku kumi na nne, Krismasi hii, kisha warudi kwenye kazi zao na mshahara ule ule. Hakuna atakayekosa chakula. Chagua wasiojua kusoma, isiwe fujo."

Watu waliokuja kumlaumu baadaye walitaka kusikia kwamba alitishwa, au kwamba alihongwa. Hakutishwa. Huko kuandikwa mwanachama hakukuomba, ingawa hakukukataa. Aliombwa kwa upole, akiwa ameketi, na mtu aliyemwonyesha ukurasa. Alirudi kidirishani akaanza kuandika majina. Jina la Erastus aliliruka, akaendelea, akafika sabini na moja. Hakuona mwingine wa kutimiza. Akalirudia, akaliandika.

Jumamosi ya malipo waliitwa mmoja mmoja kutia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Matano ndiye aliyekuwa akiwasomea. Karatasi ilisema kwamba mfanyakazi ameachishwa kazi, ameridhika, na kwamba akiajiriwa tena hatadai chochote kwa utumishi wake wa nyuma. Matano alisoma, "Kampuni yawapa likizo ya wiki mbili, mwende mkaone watu wenu, kisha mrudi."

Wengi walitia dole wakacheka. Likizo haikuwa kitu cha kila mwaka. Zamu ya Erastus ilipofika, aliishika karatasi kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na grisi, akaitazama kama mtu anayetazama uso asioufahamu.

"Hii maneno ni mingi kwa likizo," alisema. "Umesoma yote, Matano?"

"Nimesoma."

"Hakuna kitu ya kutuumiza?"

"Hakuna, ndugu yangu."

Erastus akatia dole. Chini ya alama yake, mahali pa shahidi, Matano akaandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa shule.

Wiki mbili zikapita, wote wakarudi. Erastus alishuka garini kutoka bara akiwa na kuku jike aliyefungwa miguu, akampelekea Matano kidirishani. "Mama yangu alikuwa ananingoja miaka minne," alisema. "Bila wewe kutusomea vizuri, watu wangeogopa kuweka kidole. Chukua." Matano alimpeleka kuku Likoni, Mwanasaumu akampika kwa nazi, wakala. Mwanasaumu alimwona mumewe ameshika paja la kuku bila kulipeleka kinywani.

"Kuna nini, baba Rama? Mbona huli?"

"Nala," alisema, na kweli akala.

Januari mkaguzi alikuja kutoka Nairobi, akahesabu, akatia sahihi. Mfuko umefuzu. Ulifuzu mwaka huo na miaka iliyofuata, na mambo yakatulia hata Matano mwenyewe akaanza kuyasahau siku nyingine. Miaka mitano mipya, alijiambia, si mingi. Mwisho wa 1963 Erastus atakuwa ameitimiza tena, na huenda ofisi mpya, ya watu weusi, ikamwandika. Alikuwa akiyarudia hayo akivuka feri asubuhi, na akivuka jioni.

Machi 1962 mashine ya Erastus ilikwama, naye akaingiza mkono kuondoa kipande cha bati, na mashine ikashuka. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda. Alilala hospitalini wiki sita. Kampuni ilimlipa fidia ya mkono kama sheria ilivyotaka, kidogo lakini ikalipa, kisha ikamwachisha, kwa kuwa mwendesha mashine asiye na mkono hana kazi. Siku ya barua ya kuachishwa alikwenda moja kwa moja kidirishani, mkono umefungwa bendeji kama mtoto mchanga.

"Sasa ni ile akiba," alimwambia Matano. "Miaka kumi na tatu. Niandikie barua, wewe unajua maneno yao."

Matano aliandika. Ilikuwa barua nzuri. Ilijibiwa kwa siku tatu, mistari miwili: mwombaji ana utumishi wa miaka mitatu na miezi mitatu tu, hajatimiza masharti, si mwanachama. Matano hakumpa Erastus jibu hilo. Alikwenda kwa mhasibu, safari hii bila kuitwa, akasimama.

"Bwana, mtu huyu mwajua ana miaka kumi na tatu."

"Najua," mhasibu alisema, na hakusema kwa ubaya. "Lakini nikimhesabu yeye, lazima niwahesabu wote sabini na wawili. Nikiwahesabu, majaribio ya miaka yote yameanguka. Na sahihi zilizopo ni zako."

Matano aliomba ruhusa ya nusu siku, akavuka mpaka mjini, kwenye ofisi ya serikali iliyoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Alikuwa amebeba nakala ya karatasi ya Erastus. Alimweleza afisa kila kitu, tangu ile karamu na sinia mpaka dole gumba, ila hakumtaja aliyewasomea. Afisa alikuwa Mwafrika kijana, mwenye adabu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua nakala akaisoma mara mbili.

"Karatasi hii ni halali," alisema. "Yasema alisomewa akaelewa. Kuna shahidi. Huyu shahidi, Mwakuyala, ukinipatia aje aseme kwamba alidanganya, labda tutafungua jambo. Yu hai?"

"Ni mimi."

Afisa aliikunja nakala, akamrudishia.

"Mzee," alisema, ingawa Matano hakuwa mzee, "ukisema ulidanganya, watasema wadanganya sasa. Wataonyesha mwandiko wako. Utapoteza kazi, na yule hatapata kitu. Mimi sikukatazi. Nakuambia tu yatakayokuwa."

Matano akatoka. Hakurudi kazini siku ile. Alikwenda Chaani kwa miguu, jua la saa nane, akamkuta Erastus ameketi mlangoni peke yake. Philister alikuwa kisimani. Matano hakungoja kukaribishwa. Alichuchumaa kando yake akasema yote kwa mfululizo, bila kuinua macho, upesi, kama mtu anayetapika. Alipomaliza, Erastus alikuwa akimtazama kwa huruma.

"Umekuja na habari mbaya, naona," alisema. "Lakini umekaa upande yenye haisikii. Zunguka hapa, useme tena."

Basi Matano alizunguka akasema mara ya pili. Mara hii alisema polepole, na kwa sauti, maana hata sikio zima halikuwa zima sana, na mwanamke wa chumba cha pili alinyamazisha watoto wake asikie.

Erastus alianza kuifungua bendeji, akaifunga tena vile vile.

"Ile kuku," alisema mwishowe, "ilikuwa inataga."

Akaupakata mkono ule, akauliza:

"Kuna watu wangapi?"

"Sabini na wawili, wewe ukiwemo."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia, wallahi."

"Waambie. Lakini Philister usimwambie." Aliitazama njia ya kisimani. "Yeye ameandikia ndugu zake tunarudi na akiba. Wametukatia shamba kwa sababu hiyo. Akijua hakuna, hatapanda gari, na hapa tutakula nini? Wewe ulinidanganya mimi. Sasa nisaidie kumdanganya yeye. Mwambie pesa itakuja kwa posta, ofisi inachelewa."

Philister alirudi na debe la maji kichwani. Alifurahi kumwona mgeni. "Shemeji Matano! Umekaa bila hata chai? Barua imejibiwa?"

Matano alisimama kumsaidia kutua debe.

"Imejibiwa, shemeji. Itakuja kwa posta. Ofisi yachelewa tu."

Waliondoka kwa gari la moshi wiki iliyofuata, daraja la tatu. Matano aliwasindikiza stesheni akabeba kitanda chao kilichofunguliwa vipande. Erastus alimpa mkono wa kushoto.

Wale wengine aliwaambia. Alianza na katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye alikasirika sana, akapiga meza, kisha akasema wangoje Uhuru, jambo kama hili likiletwa sasa litazimwa. Habari zikaenea kabla ya Uhuru kufika. Wengine katika sabini na wawili walikwisha kufa au kuondoka. Waliobaki walipita mbele ya kidirisha cha Matano kila asubuhi kama kawaida, ila hawakumsalimu tena, na mmoja alitemea mate daftari, kwenye mstari wa jina lake mwenyewe. Matano alipangusa kwa kanzu akaandika kwamba amefika saa moja kasorobo. Kampuni haikumfukuza. Haikuwa na sababu. Hakuna mahali palipoandikwa neno alilosema.

Nyumbani alipungua mwili. Mwanasaumu, ambaye sasa alijua yote, alikuwa na subira naye, lakini siku moja alimwambia, "Kosa ulotenda ni la siku moja. Hili la kukaa hapo dirishani miaka yote, wakutazame, ni adhabu ya nani? Acha kazi, urudi shamba." Matano alisema kwamba akiacha, atakayeandika mahudhurio yao ni mtu asiyewajua. Mwanasaumu alimwona ni mjinga, na huenda ni kweli.

Mwaka 1963 ulipokaribia mwisho, kampuni iliuzwa. Wazungu walikuwa wakifunga mizigo, na mfuko ukavunjwa ili kila mwanachama achukue chake. Sharti la kuvunjwa lilikuwa jaribio la mwisho. Matano ndiye aliyeandaa orodha. Wachache waliosalia wa kundi la sabini na wawili wangetimiza miaka mitano upya, siku chache baada ya Krismasi, lakini orodha ilifungwa mwisho wa Novemba. Mfuko ukafuzu. Katibu wa chama alikwenda kwa wenye kampuni wapya na barua ndefu, akajibiwa kwamba hesabu zilikwisha kukaguliwa mara sita, na kwamba wao walinunua mashine, hawakununua madeni.

Matano alipata fungu lake, shilingi mia tisa na themanini. Usiku wa kupandishwa bendera ya Uhuru hakuvuka kwenda mjini kutazama fataki. Mwanasaumu alizisikia kutoka Bofu akatoka nje pamoja na majirani, yeye akabaki ndani. Sikukuu ilipokwisha aligawa fedha zile mara mbili, nusu akamwachia mkewe, nusu akaenda nayo posta akamtumia Erastus kwa hawala. Hakuandika lolote pamoja nayo.

Jibu lilikuja baada ya majuma saba, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika kwa niaba ya Philister. Alisema fedha zimefika salama, Mungu ambariki shemeji. Alisema Erastus hakuziona, alikwenda mwezi wa kumi na moja, homa ya siku nne tu, na wamemzika vizuri. Alisema ng'ombe mmoja amenunuliwa, na wa pili wanangoja fedha zilizobaki. Maana hizi, alisema, wamezihesabu, haziwezi kuwa za miaka kumi na tatu. Sasa kwa kuwa serikali ni yetu, zilizobaki zitatoka lini? Yeye shemeji aendelee kuwasukuma, kwa sababu marehemu alimwambia kwamba pale kiwandani kuna mtu mmoja tu anayejua jambo lao lote.

Matano alinunua karatasi na stempu. Alikaa kwenye benchi la posta, kalamu mkononi, akaandika tarehe, akaandika jina la Philister, akamwuliza hali, akamwuliza hali ya watoto wa ndugu zake na ya ng'ombe, akampa pole ya msiba kwa maneno yote aliyoyajua. Aliwasalimia kwa niaba ya Mwanasaumu na Rama. Kisha akaandika, "Ama baada ya salamu," akaweka koma.

Watu waliokuja kununua stempu walimpita. Mtu wa kaunta alianza kufunga madirisha. Matano alipoambiwa atoke, aliikunja karatasi ilivyo, ikiishia kwenye koma ile, akaandika anwani nje, akaibandika stempu, akaitia sandukuni.